Mbwa Anayelinda Chakula Kwenye Nyumba Yenye Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na Popi, mbwa wetu, alikuwa anakula: ugali wa dona uliochanganywa na vichwa vya dagaa, kwenye sufuria kuukuu kando ya karo la kufulia. Binti yangu, miaka miwili na nusu, akamwona kuku anaisogelea ile sufuria, akaenda kumfukuza. Mkia wa Popi ukasimama. Shingo ikashuka, mdomo ukazama ndani ya sufuria, lakini hakuwa anatafuna tena. Jicho moja likamgeukia mtoto, weupe wake ukajitokeza pembeni kama mwezi mwandamo. Ndipo akanguruma, kwa sauti ya chini kabisa.

Nilimnyakua mtoto. Mpaka hapo nilifanya sawa. Baada ya hapo nilimpiga Popi kwa kandambili, nikamnyang'anya sufuria, na kwa wiki mbili nzima nikawa namnyang'anya chakula kila jioni ili ajue nani mwenye nyumba. Akaacha kunguruma. Nikaamini ameelewa. Kisha siku moja dada anayetusaidia nyumbani akapita na ndoo karibu na sufuria, Popi akamrukia mkono bila kutoa sauti yoyote. Meno yalitoboa ngozi. Dada alilazimika kwenda kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa mpaka dozi ya mwisho, kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Nilikuwa nimemfundisha mbwa kitu kimoja tu: ukinguruma unapigwa, basi usingurume, uma. Na nilikuwa nimemthibitishia hofu yake ya tangu mwanzo, kwamba mtu akisogea chakula kinaondoka. Yaliyomo kwenye mwongozo huu ni yale niliyojifunza kwa daktari wa mifugo na kwa miezi kadhaa ya kumrudisha Popi pale nilipomtoa. Naandika kwa ajili ya nyumba yenye mtoto anayetambaa, anayejifunza kutembea, au aliye chini ya miaka sita hivi, kwa sababu hao ndio ambao hawawezi kusoma mwili wa mbwa, na sura zao ziko kwenye kimo cha meno yake.

Kwa nini anafanya hivi

Kulinda chakula ni tabia ya asili ya mbwa. Si jeuri, na si ishara kwamba anataka kutawala nyumba. Mbwa mpole kuliko wote, anayelala chali akuruhusu umkune tumbo, anaweza kubadilika akiwa na mfupa. Ila tabia hiyo huwa kubwa au ndogo kutegemea maisha anayoishi, na hapa ni lazima tujiangalie wenyewe.

Mbwa wengi wa kwetu wanakula mara moja kwa siku, usiku, mabaki yakiwepo. Siku mabaki hayapo, hakuna kitu. Mnyama asiyejua kama kesho atakula ana sababu ya kukilinda cha leo. Kisha tunamlisha uani, mahali ambapo kuku wanadonoa kwenye chombo chake, paka wa jirani anavizia, na mbwa wa pili anamkodolea macho. Kila mlo kwake ni vita. Na wapo wanaofurahia kabisa, utasikia, "Huyu ni mkali kwenye chakula, ndiyo mlinzi mzuri." Haviendani hata kidogo. Mbwa anayemnguramia mtoto wa nyumba kwa ajili ya ugali hajafundishwa kulinda geti; ana hofu ya kunyang'anywa, basi.

Kuna sababu nyingine za mwilini: minyoo inayomfanya awe na njaa muda wote, jino bovu, sikio lenye usaha, maumivu ya viungo kwa mbwa mzee. Mbwa ambaye miaka yote alikuwa mtulivu kisha akabadilika ghafla anahitaji daktari kabla ya mafunzo yoyote. Na mabadiliko ya ghafla ya tabia, hasa yakiambatana na kutokwa mate, kushindwa kumeza, kuuma vitu ovyo au kuzurura bila mwelekeo, yanaweza kuwa kichaa cha mbwa. Hapo usimkaribie. Watoe watu na mifugo karibu yake, umpigie afisa mifugo wa kata yako.

Jifunze kuziona dalili kabla ya sauti

Watu husema mbwa aliuma ghafla. Mara nyingi alisema kabla, kwa mwili, na hakuna aliyesoma. Mfuatano wa kawaida uko hivi: anaanza kula kwa pupa mtu akisogea. Anageuza mwili ili awe kati yako na chombo. Kichwa kinashuka. Kisha anakakamaa, na hii ndiyo dalili ninayotaka uikariri kuliko zote: taya haziendi, mkia hauendi, hata masikio hayaendi. Anakutazama kwa pembe ya jicho bila kugeuza kichwa. Baada ya hapo ndipo hukunja pua na kuonyesha meno, hunguruma, hung'ata hewa, na mwisho huuma.

Mkia unaotikisika usikudanganye. Mkia ulionyooka juu na kutikisika kwa haraka ukiwa mkavu kama fimbo si furaha.

Usimwadhibu mbwa kamwe kwa kunguruma. Kunguruma ni kengele, na ukiikata waya yake moto utaendelea kuwaka. Mbwa akinguruma, simama, mwondoe mtoto taratibu, rudi nyuma, kisha ujiulize kwa nini ilifika hapo. Siku hiyo hakuna somo lingine.

Hatua ya kwanza: watenganishe leo, kabla ya mafunzo

Mafunzo yanachukua wiki, na mara nyingi miezi. Mtoto anaweza kuumwa jioni hii. Kwa hiyo kazi ya leo ni kuhakikisha kwamba mbwa akiwa na chakula na mtoto akiwa macho, kati yao kuna kitu ambacho mtoto hawezi kukifungua. Jicho lako si kizuizi. Simu inaita mara moja tu na yamekwisha.

Chagua sehemu moja ya kulishia: banda lenye mlango, stoo, upande wa nyuma wa nyumba wenye geti, au kona uliyoizungushia wavu wa kuku mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima. Pawe pembeni, si njia ya kwenda chooni wala bombani. Kuku wasifike. Mkiwa na mbwa wawili, kila mmoja na chumba chake. Kitasa au komeo liwekwe juu. Wavu wenye matundu makubwa haufai, kwa sababu mkono wa mtoto wa mwaka mmoja unapita. Gusa mwenyewe kwa vidole vyako uone.

Kumfunga mnyororo katikati ya uwanja na kumwekea chakula hapo si kumtenga. Mbwa aliyefungwa anajua hawezi kukimbia, kwa hiyo hulinda zaidi, na mtoto hajui mnyororo unaishia wapi.

Mlishe mara mbili kwa siku, saa zilezile. Kile alichokuwa anakula mara moja kigawe, na kama mbavu zake zinahesabika kwa macho, ongeza. Hili peke yake lilipunguza nusu ya tatizo la Popi, nasema kwa uhakika kwa sababu tulianza nalo kabla hatujafanya lingine lolote. Mbwa aingie kwenye banda kwanza au chakula kiwe kimeshawekwa ndani, funga, mwache ale bila mtu kumsimamia. Akimaliza, mwite atoke kwa upande mwingine, funga mlango, ndipo uchukue chombo. Usichukue akiwepo.

Mifupa na ngozi za kutafuna, anapewa humo humo ndani na haitoki nje. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo.

Kuna chakula kingine ambacho familia nyingi hazikihesabu: cha mtoto. Mtoto anatembea uani na andazi mkononi, au kakaa mkekani na sahani ya wali, nusu mdomoni nusu chini. Mbwa anajifunza haraka kwamba palipo na mtoto pana makombo, na makombo yaliyoanguka ni mali yake. Mtoto akiinama kuokota kipande kilekile, sura yake inakutana na mdomo wa mbwa. Watoto wakila, mbwa awe bandani, na asifunguliwe mpaka mkeka umekung'utwa na pamefagiwa. Pipa la taka liwe na mfuniko.

Hatua ya pili: daktari

Mpeleke akapimwe maumivu na apewe dawa ya minyoo. Kwenye nyumba yenye watoto, kila miezi mitatu ni kawaida nzuri. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Tunza cheti chake mahali unapopajua. Kama ni mkali mbele ya wageni, mvalishe kikapu cha mdomoni, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, na umzoeshe nyumbani siku kadhaa kabla.

Hatua ya tatu: mfundishe kwamba mtu akija, chakula kinaongezeka

Sehemu hii ni ya mtu mzima mmoja, mtulivu, na watoto wakiwa wamelala au hawapo. Mtoto hahusiki hapa hata siku moja, hata kama ni mkubwa kidogo, hata kama mbwa anampenda.

Nunua mapupu buchani, au firigisi, au ini kidogo. Chemsha yaive sawasawa bila kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Usimpe mapupu wala ini bichi: kuna tegu anayeingia kwa mbwa kupitia viungo vibichi vya mifugo, mayai yake yakatoka na kinyesi na kumwingia binadamu, hasa mtoto anayechezea udongo. Wafugaji wa Turkana wameteseka sana na uvimbe wa ugonjwa huo. Kata vipande vidogo kama karanga. Ni lazima kitu hiki kiwe kitamu kuliko kilichomo kwenye bakuli, na akipate wakati wa zoezi hili tu.

Mbwa awe ndani ya banda, mlango umefungwa, anakula chakula chake cha kawaida. Anza mbali. Umbali sahihi ni ule ambao anakutazama kisha anaendelea kula mwili ukiwa umelegea. Kwa Popi ulikuwa hatua nane. Kwa wako unaweza kuwa tatu au kumi na tano. Tembea kama mtu anayepita zake. Ukifika kwenye umbali huo, rusha kipande kimoja kupita juu ya wavu, kidondoke karibu na bakuli, na uendelee kutembea. Usisimame wala usimtazame machoni. Zunguka, rudi, rusha tena. Mara tano au sita kwa mlo mmoja zinatosha.

Unachosubiri ni badiliko dogo ambalo ukiliona hutalisahau. Siku za kwanza ataendelea kula huku anakuchunga. Baada ya siku kadhaa atasikia nyayo zako, atainua kichwa kutoka kwenye bakuli, masikio laini, mkia chini ukitikisika mwili mzima, akikutazama kana kwamba anauliza kipo wapi. Hapo moyo wake umegeuka. Kwa Popi ilikuwa siku ya kumi na moja. Alitoa mdomo kwenye ugali, akaja mpaka kwenye wavu kunipokea, na dona limemganda puani.

Ukiona hivyo kwa siku tatu mfululizo, punguza hatua moja. Hatua moja tu. Akikakamaa au akaanza kula kwa pupa, umeharakisha. Rudi pale alipokuwa na amani ukae siku mbili zaidi. Hakuna aibu kurudi nyuma, na ni bora kurudi mara kumi kuliko kumlazimisha mara moja.

Ukifika kwenye wavu wenyewe, anza kusimama kwa sekunde moja kabla ya kudondosha kipande, kisha mbili, kisha tatu. Kisha dondosha kipande moja kwa moja ndani ya bakuli kwa kutokea juu ya wavu. Watu wengi wanaweza kuishia hapa na nyumba ikawa salama, kwa sababu mbwa anaendelea kula nyuma ya mlango daima. Sikushauri uingie bandani anapokula ili kuthibitisha chochote. Kuingiza mkono kwenye bakuli la mbwa ili azoee, ushauri ambao bado unasambaa, ndio unaowatengeneza mbwa walinda chakula.

Kisha anza upya na mtu wa pili: mama, baba, dada wa nyumbani, mlinzi. Mbwa hajumlishi. Akikuamini wewe haina maana anamwamini mwenye ndoo. Kila mmoja aanzie mbali kama ulivyoanza wewe, ila safari hii huwa fupi zaidi.

Akiwa ameshika kitu kisicho chake

Kiatu, nepi, mfupa aliouokota jalalani, mdoli wa mtoto. Usimkimbize. Ukimkimbiza, kile kitu kinapanda thamani, na mtoto naye atakuiga kesho yake. Mtoe mtoto eneo hilo. Chukua chakula kizuri, dondosha kipande mbele yake, kingine nusu hatua mbali zaidi, kingine mbali tena, kama mtu anayepanda mbegu kwenye mstari, mpaka aingie bandani. Funga. Sasa nenda kaokote kiatu.

Wakati wa utulivu mfundishe neno "toa" kwa kubadilishana: anashika kitu asichokijali, kama kipande cha kamba, unasema "toa", unampa kipande kitamu puani, akiachia anakula, kisha unamrudishia kamba yake. Kurudishiwa ndiyo siri. Mbwa anayejua vitu hurudi haoni sababu ya kuving'ang'ania.

Mtoto naye

Wa chini ya miaka mitatu hafundishiki kwa jambo hili. Analindwa kwa mlango. Unaweza kumwambia kila siku, "Popi akila, hatuendi," na umwambie, lakini usitegemee kwamba atakumbuka akiona kuku.

Wa miaka minne na kuendelea anaweza kufundishwa machache, kwa mchezo. Mbwa akila, akilala au akiwa na watoto wake, hatumgusi. Chakula cha mbwa hakichukuliwi hata kikianguka. Akichukua andazi lako, muachie, njoo uniambie, utapata jingine. Na timiza ahadi hiyo bila kumgombeza, la sivyo kesho atapigania. Mbwa akikukimbilia, kuwa mti: simama tuli, kunja mikono kifuani, tazama vidole vya miguu yako, usipige kelele. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, mikono ifunike shingo na masikio. Mwanangu na binamu zake tulicheza mti na jiwe sebuleni mpaka wakawa wanakumbushana wenyewe.

Watoto wa wageni ndio hatari niliyoichelewa kuiona. Sikukuu, kipaimara, Idi, msiba: uwanja umejaa watoto wasiomjua mbwa, na chakula kiko kila mahali. Siku hizo Popi anashinda bandani na maji na kivuli, kitasa kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni kwangu.

Akiuma

Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 mtoto akilia ni ndefu. Usipake jivu, mafuta ya taa, pilipili wala majani. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo uliotoa damu kidogo, hata kama mbwa ana cheti. Mweleze mhudumu kama mbwa amechanjwa na lini. Jeraha la usoni, kichwani au mikononi ndilo la haraka kuliko yote.

Mbwa usimuue wala usimfukuze. Mfungie mahali salama, umpe maji na chakula, na umtaarifu afisa mifugo, kwa sababu hutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa akitoa virusi vya kichaa kwenye mate siku ile aliyouma. Lakini chanjo ya mtoto inaanza leo, haisubiri siku hizo 10. Daktari ndiye atakayeamua kama iendelee. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kumrudisha, na Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, takribani 4 kwa kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Lini usiendelee peke yako

Kama ameshamuuma mtoto na kutoboa ngozi. Kama anauma bila kuonya. Kama hailindi sufuria tu, bali pia mlango, mkeka, kivuli, mtu. Kama nyumba yenu ni chumba na sebule na uwanja mnachangia na wapangaji wengine, hakuna mahali pa kuweka ukuta kati yake na watoto. Hapo zungumza na daktari wa mifugo kwa uwazi kuhusu kumhamishia nyumba ya watu wazima watupu, na anayempokea aambiwe kila kitu, kwa maneno yaleyale uliyomwambia daktari. Kumtupa sokoni au kumpa mtu wa shamba mwenye wajukuu bila kusema neno ni kuhamishia hatari kwa mtoto wa mwingine. Ikifika daktari akasema njia iliyobaki ni kumlaza kwa sindano, ni uamuzi mzito, na anayeufanya kwa kumlinda mtoto hastahili kulaumiwa.

Sisi tulimbakisha. Sasa ni mwaka wa pili. Popi anakula saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, bandani, na nikipita na kipande cha mapupu bado anakuja kwenye wavu. Binti yangu ana miaka minne na nusu, anamwita kwa jina akiwa barazani, anamrushia mpira. Komeo la banda nilihamisha juu tena mwezi uliopita, kwa sababu nilimkuta amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajaribu kulifikia.